Ukuta wa Daktari Jaswinder

Katika miaka ishirini na mitano ya kupima mionzi, hakuna swali ambalo Elihuruma Nnko aliulizwa mara nyingi kama hili: "Mama, hiyo mashine yako haitatuunguza?" Naye alikuwa na jibu moja kwa wote, wawe wafagizi wa hospitali au madaktari wa meno. Aliinua kipimio chake, chenye mkono na umbo kama la pasi, akasema, "Hii haitoi kitu. Hii inasikiliza tu."

Kazi yake ilikuwa kuzunguka na gari la ofisi, kuingia kila mahali penye eksirei, na kuhakikisha kwamba sheria inafuatwa: anayefanya kazi pale, anayesubiri pale, hata anayepiga deki pale, asipate mionzi kupita kiasi kilichowekwa. Majirani zake wa Lemara walimjua kwa jina la Mama Allen, mwanamke mrefu, mwenye meno ya kahawia kama wengi waliolelewa na maji ya mlima Meru, mwimba kwaya, mtu asiyependa kuchelewa. Waliojua alivyoingia katika kazi hiyo walikuwa wachache. Aliingia kwa mlango wa nyuma, ndoo mkononi.

Mwaka 1984, akiwa na miaka kumi na tisa, alishuka mjini Arusha kutoka Akeri kutafuta kibarua. Akakipata katika zahanati ya Daktari Jaswinder, mtaa wa nyuma ya Soko Kuu, kupiga deki asubuhi na jioni. Daktari Jaswinder alikuwa Kalasinga wa makamo, mwenye kilemba cha bluu na sauti ya upole, mtoto wa seremala aliyekuja zamani kufanya kazi ya reli. Familia yake iliishi ghorofani, wagonjwa walitibiwa chini, na harufu ya chapati za juu iliteremka hadi kwenye foleni ya sindano.

Kilichomvuta Elihuruma kilikuwa chumba cha giza. Zama hizo picha ya eksirei ilisafishwa kwa dawa kwenye beseni, chini ya taa nyekundu, halafu filamu zikaning'inizwa kwenye kamba zikidondosha maji kama nguo za kufuliwa. Alizoea kusimama mlangoni na ufagio, akitazama mbavu za watu zikijitokeza polepole kwenye weusi. Siku moja daktari alimkuta hapo. Badala ya kumkaripia alimwuliza, "Unaona nini?"

"Naona mbavu, Daktari. Lakini upande huu kuna ukungu."

Daktari akaisogeza filamu kwenye taa, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama yeye. Juma lililofuata ndoo ilikabidhiwa mtu mwingine, na Elihuruma akaanza kufundishwa kusafisha filamu.

Miaka mitatu baadaye alikuwa ameolewa na ana mimba ya kwanza. Hakumwambia mtu kazini, kwa kuogopa kupoteza nafasi. Lakini harufu ya dawa za filamu ikaanza kumchefua, na mara mbili akatoka mbio kwenda kutapika uani. Mara ya tatu aliporudi alimkuta daktari amesimama mlangoni mwa chumba cha giza, mikono nyuma.

"Binti, kuanzia leo hutaingia humu."

Elihuruma alidhani amefukuzwa. Daktari akamwongoza hadi upande wa pili wa ukuta wa chumba cha eksirei, penye meza ya mapokezi, akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole. Ukuta ukatoa sauti nzito, isiyo na mwangwi, kama gunia la mchanga.

"Humu ndani kuna mabati ya risasi," alisema. "Risasi ni madini, mionzi haipenyi kirahisi. Nimeyaweka kwa mkono wangu mwaka sabini na sita, bati juu ya bati, bila kuacha ufa. Nyumba hii yote haina mahali salama kuliko kiti hiki. Kaa hapa. Andika majina ya wagonjwa mpaka ujifungue."

Akakaa. Kwenye kiti hicho aliandika majina hadi Allen alipozaliwa, na kwenye kiti hicho hicho alisoma vitabu ambavyo daktari alimshushia kutoka ghorofani, kimoja baada ya kingine. Daktari ndiye aliyemwandikia barua ya kumwombea nafasi ya mafunzo ya upigaji picha. Mwaka 1998 alipoajiriwa na ofisi ya serikali kama mpimaji wa mionzi, mtu wa kwanza kupelekewa habari hakuwa mumewe. Alikuwa Daktari Jaswinder, aliyecheka hadi kilemba kikalegea: "Sasa utakuja kunikagua mimi!"

Hakuja. Kwa miaka yote hiyo zahanati ile ilikaguliwa na wenzake, kwa sababu Elihuruma mwenyewe aliomba iwe hivyo. Hakutaka watu waseme amekagua nyumbani kwao. Lakini Oktoba ya mwaka juzi mwenzake alikuwa masomoni na ukaguzi ulikuwa umechelewa. Alimweleza mkuu wake ukweli wote, naye akamjibu, "Basi Lerionka atakwenda nawe, na sahihi zitakuwa mbili."

Lerionka alikuwa mhandisi wa miaka thelathini na minne, mtu wa Kisongo, mnyofu na mwenye maneno machache. Waliegesha gari chini ya mti wa jakaranda uliokuwa umemwaga maua barabara nzima. Elihuruma alikaa kidogo kabla ya kushuka.

"Mama, kuna tatizo?" Lerionka aliuliza.

"Hakuna. Nilikuwa natafuta kibao cha zamani. Wamekitoa."

Mambo mengi yalikuwa yametolewa. Sakafu aliyoipiga deki sasa ilikuwa ya marumaru nyeupe. Chumba cha giza kilikuwa stoo ya vitendea kazi vya usafi, kwa kuwa picha siku hizi hutokea kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajavaa shati. Navneet, mtoto wa daktari, ndiye aliyeiendesha zahanati. Elihuruma alimfahamu tangu akiwa anatambaa kwenye ngazi. Sasa alikuwa na mvi kwenye ndevu.

"Dada Eli!" alimpokea kwa mikono miwili. "Karibu nyumbani. Mzee yuko juu, amelala kidogo. Ana miaka themanini na sita sasa. Akijua umekuja bila kumwona ataninyima chakula."

"Nitamwona nikimaliza kazi, Navneet. Kazi kwanza."

Wakaanza. Lerionka alijaza maji dumu la lita ishirini, akaliweka kwenye kigoda mbele ya stendi ya kupigia picha za kifua. Dumu hilo husimama badala ya mgonjwa, kwa kuwa mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji. Evaresta, mpiga picha wa zahanati, alisimama nyuma ya kidirisha chake cha kioo kizito akisubiri ishara. Elihuruma alipima kwanza pale Evaresta anaposimama. Salama. Akapima mlangoni. Salama. Mashine yenyewe ilikuwa na miaka miwili tu, na karatasi zake zilikuwa sawa.

Mwisho akaenda mapokezi. Nyuma ya meza alikuta mwanamke kijana aliyevaa sweta la kijani, Diana, ambaye alisimama kwa shida kidogo kumpisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nenda kakae kule kwenye benchi la mbali. Nitachukua dakika tano tu."

Diana alipogeuka, Elihuruma aliliona tumbo. Akashusha kipimio hadi usawa wa kiti, mahali ambapo tumbo la mtu aliyeketi lingekuwa, akapaza sauti: "Evaresta, piga!"

Kabla ya hapo kipimio kilikuwa kikionyesha kile kidogo ambacho udongo na anga la Arusha humpa kila mtu, mchana na usiku. Sasa namba ziliruka. Elihuruma alidhani amekosea kusoma. Akakirudisha kwenye sifuri.

"Piga tena."

Zikaruka vilevile. Mara ya tatu Lerionka aliinama kutazama naye, na kalamu yake ikasimama juu ya fomu.

Elihuruma alinyoosha mkono akagonga ukuta. Ulilia kama debe tupu.

Alibaki ameuwekea ule ukuta kiganja kwa muda. Angefumba macho angeukumbuka ubaridi wake wa zamani, ule aliouegemea mgongo alipokuwa mzito wa miezi minane. Huu ulikuwa wa vuguvugu na mwepesi, kama kasha la viatu.

"Navneet," aliita. "Huu ukuta mmeugusa?"

"Ndiyo, mwezi wa tano, tulipokarabati. Ulikuwa na unyevu, rangi haishiki. Fundi akaubomoa, akaweka jipsamu. Umependeza, au siyo?"

"Na mabati yaliyokuwa ndani?"

"Ah, yale mazito? Fundi alisema ni takataka za zamani, akaondoka nayo kwenye lori." Navneet alianza kutabasamu, kisha akaiona sura ya Elihuruma. "Kwani yalikuwa nini?"

Alipoelezwa, alishika kichwa. Hakujua. Elihuruma aliamini kwamba hakujua. Lakini sheria ilikuwa wazi: ukuta wa chumba cha eksirei hauguswi kabla ofisi haijaarifiwa, na chumba kinachovuja hakifanyi kazi hata siku moja.

"Dada Eli," Navneet alisema, akiwa amemvuta kando, "nipe wiki moja. Nitamhamisha Diana leo hii. Nitatafuta risasi, nitarudisha ukuta, halafu uje upime na uandike. Ukifunga leo watu watasema zahanati yetu inaunguza wagonjwa. Baba akisikia, itamuua. Wewe umekulia hapa. Umekula chakula cha mama yangu."

Maneno hayo yalimwingia, tena yalimwingia pabaya, kwa sababu yote yalikuwa ya kweli. Mama yake Navneet alimtengenezea uji wa dengu wakati wa uzazi na kumbebea mtoto. Kwa kitambo kidogo Elihuruma alijiona akikunja fomu na kuitia mfukoni. Wiki moja ni kitu gani? Halafu akamwona Diana kule kwenye benchi, akivuta sweta kulifunika tumbo kwa sababu ya upepo wa mlangoni.

"Mama," Lerionka aliuliza taratibu, "niandike?"

"Andika. Chumba kinafungwa leo."

"Dada Eli!" Sauti ya Navneet ilipanda. "Hata wewe?"

Hapo ndipo waliposikia fimbo ikigonga ngazi. Daktari Jaswinder alikuwa anashuka, ngazi moja baada ya nyingine, ameshikilia reli kwa mkono mmoja. Kilemba bado kilikuwa cha bluu, lakini mwili ulikuwa umesinyaa ndani ya nguo.

"Nani anapiga kelele kwenye zahanati yangu?"

"Shikamoo, Daktari," Elihuruma alisema.

Mzee alimkazia macho. "Marahaba, binti. Umechelewa kuja kunikagua. Miaka ishirini na mitano." Kisha, bila tabasamu: "Umekuta nini?"

Elihuruma hakuzunguka. Alimwambia alichokipima na mahali alipokipima. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, halafu akajikokota hadi nyuma ya meza ya mapokezi na kugonga ukuta kwa vifundo vya vidole. Aligonga tena chini zaidi, na tena pembeni, kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. Kote lile debe tupu likamjibu.

"Mabati yangu yako wapi?" alimwuliza mwanawe.

Navneet alimjibu kwa Kipunjabi, maneno mengi ya haraka. Mzee alikuwa amegeuka kumtazama Diana.

"Binti, una miezi mingapi?"

"Mitano, babu."

Daktari Jaswinder aliketi kwenye kile kiti cha mapokezi kwa uzito wa mtu aliyesukumwa. Alifunika uso kwa kiganja. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe:

"Kosa ni letu. Ukuta nilijenga mimi, lakini sikumwambia mwanangu ndani kuna nini. Nilidhani anajua. Mtu hujua vipi asichoambiwa?" Akamgeukia Elihuruma. "Weka sahihi, binti. Ungeacha kuweka, nisingekuita binti tena."

Elihuruma akaweka sahihi. Lerionka akaweka ya kwake. Navneet alitoka nje bila kuaga.

Sehemu ngumu zaidi ilikuwa bado. Elihuruma aliomba chumba cha sindano, akamwita Diana, wakaketi wawili tu, goti kwa goti. Alishaona wenzake wakiwaficha watu kwa maneno makubwa, na hakupenda.

"Mwanangu, kuna mionzi ilikuwa inavuja upande wako kila picha ilipopigwa. Nimeuliza idadi ya picha kwa siku, nimezidisha kwa miezi mitano. Umepata kama mara mbili ya kile ambacho sheria inamruhusu mtu wa kawaida kwa mwaka mzima."

Diana alilishika tumbo kwa mikono yote miwili. "Mtoto wangu?"

"Nisikilize vizuri. Sheria imeweka kikomo chake chini sana, makusudi, ili watu washtuke mapema. Kiwango ambacho wataalamu wanajua kinamdhuru mtoto tumboni ni zaidi ya mara hamsini ya hicho ulichopata. Sikuambii hivi ili nikutulize. Ingekuwa vingine, ningekuambia vingine."

"Sasa kwa nini mnafunga, kama hakidhuru?"

"Kwa sababu hukukubali wewe. Hukuulizwa. Na kwa sababu baada yako angekaa mwingine, miaka kumi, ishirini."

Diana alilia kidogo, halafu akauliza maswali, mengi, na Elihuruma akayajibu yote hadi adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka msikitini. Walipotoka, alimwandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi. Diana aliipiga mara nyingi miezi ile. Mara nyingine usiku wa manane, mara nyingine kuuliza tu kama inafaa kula embe bichi.

Chumba kilifungwa wiki sita. Mjini walisema waliyoyasema, kama Navneet alivyoogopa, na yeye alipokutana na Elihuruma sokoni alijifanya anachagua nyanya. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukiri. Yule fundi alipopatikana, mabati alikuwa ameshayauza kwa watu wa vyuma chakavu, hayakuonekana tena. Ilibidi waagize mapya. Evaresta ndiye aliyemhadithia Elihuruma kwamba yalipofika, mzee aliteremshiwa kiti chake, akakaa mbele ya ukuta siku nne, akiwasimamia mafundi. Bati juu ya bati. Palipoonekana ufa aligonga sakafu kwa fimbo, wakabandua, wakaanza upya. Siku ya tatu Navneet alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaingia kushika mabati yeye mwenyewe, na baba yake akamwelekeza pa kushika.

Simu ya kuitwa kupima upya ilitoka kwa Navneet. Hakuomba radhi, wala Elihuruma hakuitarajia. Alisema tu, "Dada Eli, tuko tayari. Mama watoto amepika dengu."

Walipima, yeye na Lerionka, na dumu lao la maji. Nyuma ya ukuta namba hazikutikisika. Evaresta alipiga picha mara tano na kipimio kikabaki na kile kidogo cha udongo na anga. Lerionka, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alicheka.

Diana alijifungua mwezi wa pili, mtoto wa kike wa kilo tatu na nusu. Alipokuja ofisini Njiro kumwonyesha, Elihuruma alimkagua yule mtoto kidole kwa kidole kama bibi yeyote, ingawa alijua hesabu zake zilikuwa sawa tangu mwanzo. Diana hakurudi mapokezi; Navneet alimlipia kozi ya utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa, akampa ofisi ya juu yenye dirisha.

Na Elihuruma, aliyekaa mbali na ile nyumba kwa robo karne ili watu wasiseme, akaanza kwenda kila Jumamosi, bila kipimio. Anamkuta Daktari Jaswinder kwenye roshani, miguu juani. Wanakunywa chai ya tangawizi na kuzungumza habari za watu waliokufa na wale waliohamia Uingereza, za filamu zilizoungua, za mgonjwa mmoja aliyekataa kuvua mkufu hadi ukapigwa picha pamoja na mapafu yake. Wakati mwingine mzee husahau, akamwuliza kama beseni za chumba cha giza zimebadilishwa maji. Elihuruma hujibu kwamba zimebadilishwa, Daktari, asubuhi. Mzee huitikia kwa kichwa, ameridhika, na wawili hao huendelea na chai yao hadi wingu lishukie kilele cha Meru na mke wa Navneet aje kusema kwamba ni saa ya dawa.